Habari za Ua la Majabali ya Usambara

Leo twawaletea habari ya historia, nayo ni habari ya ua.

Sisi tukaao Singida tumezoea mawe. Mgeni afikaye mjini kwetu kwa mara ya kwanza hushangaa kuona majabali makubwa yaliyosimama karibu na Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, mengine yamepandana kama magunia ghalani. Wakati wa kiangazi majabali hayo ni makavu na ya moto, wala hayakaliwi ila na mijusi na pimbi. Lakini mvua zikianza, maji hushuka polepole katika nyufa, na mahali palipokuwa pakavu kabisa huchipua mimea midogo.

Siku moja baada ya mvua tulipanda jabali moja pamoja na wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu. Katika ufa uliokuwa ukichuruzika maji tukaona ua dogo la njano, lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mwanafunzi mmoja akainama akalitazama sana, kisha akauliza, "Mwalimu, ua kama hili nalo lina historia?" Wenzake wakamcheka. Yeye akanyamaza, akaona haya.

Twaona kwamba swali lile lilikuwa jema, na waliocheka ndio waliokosa. Mara nyingi watu hudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme na vita na mikataba tu, na ya kuwa kitu kisichosema hakina habari. Basi leo tutamjibu mwanafunzi yule, ijapokuwa tumechelewa. Tutaeleza habari za ua jingine, liotalo vilevile penye majabali yenye maji, katika nchi hii hii yetu. Ua hilo lilitoka katika mawe na misitu ya upande wa Tanga, likazunguka dunia. Na safari yake imekutana na safari za babu zetu, kama mtakavyosikia.

Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Waingereza na Wamarekani huliita urujuani wa Afrika. Wamelipa jina hilo kwa sababu rangi yake, samawati iliyochanganyika na zambarau, yafanana na rangi ya ua moja la Ulaya. Kwa kweli maua hayo mawili si ya ukoo mmoja. Yamekutana katika rangi tu. Katikati ya ua letu pana vifuko viwili vya njano vyenye chavua, na mtu akilitazama huona kama jicho la njano katika uso wa zambarau. Njano hiyo ndiyo imwitayo nyuki. Nyuki hutua juu ya ua, hutetemesha mwili wake kwa nguvu, na chavua humwagika kwa mtikisiko huo kama unga utokao katika chekeche.

Majani yake ni manene, yana vinyweleo laini, nayo hutandaa kwa duara karibu na ardhi. Mmea huu haufi baada ya kuzaa mbegu kama ufavyo mtama au uwele wetu. Hudumu mwaka hadi mwaka. Hupenda kuta za mawe zenye kivuli, kando ya vijito na maporomoko, mahali ambapo jua halifiki kwa ukali na jiwe halikauki. Huenda mtu akauliza, kwa nini mmea uchague mwamba na kuacha udongo mzuri ulio chini yake? Sababu ni hii: chini ya msitu majani makavu huanguka kila siku na kuufunika mmea mdogo, na mimea mikubwa huunyima nafasi. Katika ukuta wa jabali majani hayakai, na wenye nguvu hawawezi kushika. Mmea mdogo hupata makao kwa kukubali mahali palipokataliwa na wengine.

Ua hili halioti porini mahali popote duniani ila katika Afrika ya Mashariki. Makao yake ni milima ya Usambara na tambarare zilizo karibu nayo, na milima mingine ya upande wa mashariki ya Tanzania, kama vile Nguru na Uluguru, na sehemu chache za Kenya, kama vile msitu wa Mbololo katika milima ya Taita. Nchi hizo hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Kule Amani, katika Usambara ya Mashariki, mvua ya mwaka mmoja hukaribia milimita 2,000. Sisi wa Singida, katika miaka ya kawaida, hupata kati ya milimita 500 na 800. Basi mtaona kwa nini ua lile halikufika kwetu kwa miguu yake lenyewe.

Sasa tuingie katika historia. Kabla ya kuandikwa katika kitabu chochote cha wataalamu, ua hili lilikuwa mbele ya macho ya watu kwa karne nyingi. Usambara ilikuwa nchi ya Wasambaa, iliyotawaliwa na wafalme wa ukoo wa Kilindi. Na chini ya milima walikaa Wabondei na watu wengine. Watu hao walichota maji katika vijito vile vile, walikata njia katika misitu ile ile, na waganga wao walijua majani ya mwituni kama sisi tunavyozijua njia za kijiji chetu.

Wageni waliokuja kuliangalia ua hili kwa jicho la elimu ya mimea walikuwa kadha wa kadha. Mmoja ni Sir John Kirk. Huyu alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea, aliyesafiri na Livingstone katika nchi za mto Zambezi, kisha akawa balozi wa Uingereza huko Unguja. Wazee wa pwani walimkumbuka kwa habari ya mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash alitia sahihi yake, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Katika mwaka wa 1884 Kirk alipeleka mimea ya aina hii katika bustani kubwa ya Kew, London. Lakini ilikuwa imekauka, na haikuwatosha wataalamu kuieleza sawasawa, nayo ikawekwa kando.

Wa pili alikuwa mmisionari William Ernest Taylor, aliyekaa Mombasa. Wapenzi wa lugha yetu wanalijua jina lake, kwa kuwa ndiye aliyekusanya methali nyingi za Kiswahili na kuzichapisha katika kitabu mwaka 1891. Tena, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alihifadhi mashairi ya Muyaka yasipotee. Katika mwaka wa 1887 Taylor naye alipeleka Uingereza mimea ya aina hii kutoka nchi za Giriama na Shimba, nyuma ya Mombasa. Hiyo nayo haikutosha kupewa jina.

Wa tatu ndiye aliyepata sifa. Jina lake Walter von Saint Paul, kabaila wa Kijerumani. Ili tufahamu alifikaje Tanga, sharti tukumbuke mambo ya wakati ule. Watu wa pwani walipigana na kampuni ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888, na kiongozi wao mmoja mkubwa, Abushiri bin Salim, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Katika mwaka wa 1891 serikali ya Ujerumani ikaitwaa nchi mikononi mwa kampuni ile, ikaweka maofisa wake katika maboma. Saint Paul alikuwa ndiye mkuu wa wilaya ya Tanga. Basi alikuwa mtawala katika nchi iliyotoka vitani juzijuzi, naye alipenda maua.

Katika mwaka wa 1892 aliliona ua letu mahali pawili. Kwanza, karibu na Tanga, safari ya kama saa moja kutoka mjini, katika nyufa za mawe ya chokaa yenye miti, mahali palipoinuka futi 50 hadi 150 tu juu ya bahari. Pili, katika msitu mkubwa wa Usambara, kiasi cha futi 2,500 juu ya bahari, penye majabali ya kivuli. Akachukua mbegu na mimea, akampelekea baba yake, Ulrich von Saint Paul, aliyekaa Fischbach katika jimbo la Silesia. Mzee huyu alipenda sana elimu ya miti na mimea. Naye akampa Hermann Wendland, aliyekuwa msimamizi wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mbegu zile zikaota vizuri, mimea ikachanua.

Katika mwaka wa 1893 Wendland akaieleza mimea hiyo katika gazeti la bustani, akaipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni jina la ukoo wa Saint Paul, kwa heshima ya baba na mwana. Sehemu ya pili, iliyotoka katika Kigiriki, maana yake ni yenye maua kama ya urujuani. Mwaka ule ule ua likaonyeshwa mbele ya watu katika maonyesho ya mimea mjini Ghent, nchi ya Ubelgiji, likasifiwa sana. Haki ya kuuza mbegu zake akaipata Ernst Benary, mfanyabiashara wa mbegu wa mji wa Erfurt. Hivyo, katika muda wa mwaka mmoja, mmea wa majabali ya Tanga ukawa bidhaa ya dukani.

Hapa twaomba wasikilizaji wetu waukumbuke vema mwaka huo wa 1893, kwa kuwa una jambo jingine. Katika mwaka huo huo mmea mwingine uliingia katika nchi yetu kwa upande ule ule wa Tanga na Pangani. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Na mkonge huo asili yake ni nchi ya Mexico. Njiani mingi ilikufa. Iliyosalia ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka katika hiyo 62 yakatoka mashamba makubwa yaliyotandaa Tanga nzima na kwingineko. Miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, nayo ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo.

Basi tazameni mabadilishano hayo. Mmea mmoja ulitoka, mwingine ukaingia, katika mwaka mmoja, katika pwani moja. Ule uliotoka ulikwenda kukaa dirishani katika nyumba za watu wa Ulaya, ukanyweshwa maji kwa kikombe. Ule ulioingia ulikuja na miiba, ukahitaji mikono mingi ya kuukata.

Mikono hiyo ilitoka wapi? Watu wa Singida wanajua. Babu zetu wengi, Wanyaturu na Wanyiramba, waliacha mashamba yao ya mtama na uwele wakaenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, ili wapate fedha za kodi na nguo, na baadhi yao fedha za kuongeza ng'ombe. Walihesabiwa kwa namba, wakakaa kambini, wakakata majani tangu alfajiri. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi, wengine hawakurudi. Nyimbo za safari hizo bado zakumbukwa na wazee wa vijijini kwetu.

Walipokuwa wakikata mkonge, milima ya Usambara ilikuwa mbele yao kila siku, na katika makorongo yake ua la jicho la njano lilikuwa likichanua. Kwa hiyo mwanafunzi wetu akiuliza kama ua lina historia, twamjibu kwamba historia ya ua hili na ya babu yake yalikutana katika wilaya moja. Ua lilipelekwa ng'ambo na mkuu wa boma la Tanga. Babu aliletwa kutoka bara kwa ajili ya mmea ulioagizwa siku hizo hizo. Ua halikuulizwa, na babu naye hakuulizwa sana.

Tuufuate sasa mmea uliotoka. Huko Ulaya ulikaa kwanza katika nyumba za vioo za matajiri, kwa kuwa watu walidhani kwamba hauwezi kuishi penginepo. Katika miaka ya 1926 na 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles, wenye bustani ya Armacost na Royston, wakaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Wakaotesha miche mingi, wakaichuja kwa uangalifu, mwisho wakachagua aina kumi tu zilizo nzuri kupita zote. Moja yao iliitwa Blue Boy, na kutoka katika aina hizo kumi yakatoka maelfu ya aina nyingine: za waridi, nyeupe, zenye ukingo wa rangi mbili, zenye maua mazito kama yaliyokunjwa. Rangi ya njano, ambayo porini imo katika jicho la ua tu, iliwashinda kwa muda mrefu kuieneza katika ua zima. Wakulima wa Marekani walifaulu kuipata mwishoni mwa karne ya 20.

Katika mwaka wa 1946 wapenzi wa ua hili walikusanyika mjini Atlanta, wakafanya maonyesho na kuunda chama chao, nacho kipo hata leo. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida wenye nyumba ndogo. Sababu iliyowawezesha ni tabia mbili za mmea wenyewe, na tabia hizo zote mbili zilitoka katika majabali ya kwetu. Ya kwanza, umezoea kivuli cha msitu, kwa hiyo mwanga hafifu wa dirishani wautosha. Jua kali huuunguza. Ya pili, hauhitaji mbegu ili kuzaliana. Ukikata jani moja pamoja na kikonyo chake, ukalichomeka katika udongo wenye unyevu, baada ya majuma kadhaa hutoa mizizi, kisha mmea mchanga. Basi jirani alimpa jirani jani moja, naye akampa mwingine, na mmea ukasafiri kutoka mkono hadi mkono kama mbegu ya boga inavyosafiri kijijini.

Sasa tufike katika swali ambalo sisi walimu wa historia hatuna budi kulitia mbele ya wanafunzi. Vitabu vingi vyasema kwamba Saint Paul ndiye aliyelivumbua ua hili. Je, neno hilo ni la haki? Kirk alikuwa ameliona miaka minane kabla yake, na Taylor miaka mitano. Na kabla yao wote, Msambaa aliyekwenda kuteka maji alikuwa ameliona tangu utotoni. Kwa hiyo twapenda kusema hivi: Saint Paul aliwajulisha watu wa Ulaya. Hiyo ni kazi, tena ni kazi ya maana, wala hatumnyimi sifa yake. Lakini kuwajulisha wengine ni jambo moja, na kuwa wa kwanza kujua ni jambo jingine. Mwanafunzi asiyetofautisha mambo hayo mawili atasoma historia nyingi na kuelewa kidogo.

Tazameni tofauti iliyopo kati ya mashairi na maua. Tukisoma jinsi mashairi ya Muyaka yalivyohifadhiwa, twakuta jina la Taylor, na kando yake twakuta jina la Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, aliyeifanya kazi hiyo pamoja naye. Lakini tukisoma majina ya kitaalamu ya ua hili, twakuta majina ya Wazungu, kama Saint Paul mwenyewe, wala hatukuti hata jina moja la mtu wa Usambara. Hata hivyo, nchi yenyewe iliandikwa. Wataalamu waliopanda milima yetu baadaye, hasa katikati ya karne ya 20, walipoona aina mpya walizipa majina ya mahali walipozikuta. Aina moja iliitwa kwa jina la mlima Tongwe, nyingine kwa jina la Magunga, nyingine Amani, nyingine Shume, nyingine Taita. Na katika nchi ya Ujerumani mama akinunua ua hili sokoni, jina alitamkalo si la kabaila yule, hutaja Usambara.

Tena majina hayadumu kama watu wadhanivyo. Wataalamu wa siku hizi wamepunguza hesabu ya aina zilizotajwa zamani, wakaona kwamba nyingi ni sura mbalimbali za aina moja. Na mwaka 2015, baada ya kuchunguza nasaba ya mimea kwa ndani, waliiingiza yote katika jamii kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus. Hivyo jina la Saint Paul, lililosimama mbele kwa zaidi ya miaka 120, sasa limebaki kuwa jina la kundi dogo ndani ya jamii ile.

Kuna jambo la haki ya mali pia, na wasikilizaji wengine wamekwisha kulifikiri. Ua hili limewapa wafanyabiashara wa ng'ambo faida kubwa kwa zaidi ya miaka mia. Majabali yaliyolizaa hayakupata malipo. Mwaka 1992, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Rio de Janeiro, ulitolewa mkataba unaosema kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida itokanayo nayo igawanywe kwa haki. Tanzania iliuthibitisha mkataba huo mwaka 1996. Lakini mkataba hauwezi kurudi nyuma hadi mwaka 1892.

Hapa sharti tuseme kweli pande zote mbili. Mkonge nao haukuwa wetu. Ulitoka kwa watu wa Mexico, nasi twaishi kwa mahindi na muhogo na viazi vitamu, ambavyo asili yake ni Amerika. Mimea imesafiri tangu zamani, na hakuna taifa lililokula jasho la ardhi yake peke yake. Twalalamika kwa haki tukisema kwamba waliokuwa na nguvu ndio waliochagua kipi kitoke na kipi kiingie, na kwamba faida haikugawanywa. Tusilalamike kana kwamba sisi hatujala cha mwingine.

Lakini kuna hasara moja ambayo hakuna mkataba utakaoirudisha, nayo ni hasara ya makao. Dunia ina mimea hii isiyohesabika katika vyungu. Porini, makao yake ni vipande vidogo, tena vinapungua. Misitu ya tambarare karibu na Tanga ilifyekwa sehemu kubwa kwa mashamba, na katika milima walikata miti kwa kahawa, kisha kwa chai, kwa mbao, kwa kuni na kwa chakula. Mtu apitaye aweza kusema, "Jabali halikatwi kwa panga, kwa hiyo ua liko salama." Amekosea. Ua halipandi mizizi katika jiwe tupu. Laishi kwa unyevu na kivuli, na vyote viwili hutoka kwa mti ulio juu ya jabali. Mti ukikatwa, jua hufika, maji hukauka, na katika kiangazi kimoja ukuta uliokuwa kijani huwa mweupe. Hakuna aliyeligusa ua, nalo limekufa.

Kwa sababu hiyo, aina kadhaa za ua hili zimo katika hatari ya kutoweka porini. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania iliitenga hifadhi ya Amani, yenye hekta zaidi ya 8,000, ili msitu wa Usambara ya Mashariki ulindwe pamoja na viumbe vyake. Maji ya mto Zigi, utokao katika milima hiyo, ndiyo yanywewayo na watu wa mji wa Tanga. Basi msitu uulindao ua ndio ulindao mtungi wa mama wa mjini. Lakini hifadhi ni kipande tu, na wanavijiji wa kandokando wana watoto wa kulisha. Wakiambiwa wasikate mti, wana haki ya kuuliza watapikia nini na watalima wapi. Na asiyeweza kuwajibu swali hilo asiwalaumu upesi.

Wasikilizaji wetu wa Singida, Iramba na Manyoni, msiseme kwamba habari hii ni ya watu wa Tanga. Majabali yetu nayo hukusanya maji. Mvua inyeshapo, maji huteremka juu ya jiwe na kuingia katika udongo ulio chini yake, na ndiyo maana visima vingi vyetu vimechimbwa karibu na mawe, na miti mikubwa husimama hapo. Twakata miti ile kwa mkaa, kisha twashangaa kisima kikikauka mwezi wa Septemba. Nyufa zetu nazo zina mimea midogo ambayo wazee wachache ndio wanaoijua majina yake kwa Kinyaturu na Kinyiramba. Wazee hao wakifa kabla hatujauliza, majina yale yatakwenda nao. Na siku moja atakuja mtu kutoka mbali, ataokota mmea katika jabali letu, ataupa jina la baba yake, nasi hatutakuwa na neno la kumwambia.

Kwa hiyo tulirudi kwa mwanafunzi yule aliyeuliza swali, tukampa kazi. Tulimwambia achukue daftari, aende kwa bibi yake, amwulize jina la ua la njano la jabalini, na matumizi yake, na mwezi lichanuapo, na kama zamani lilikuwa jingi kuliko sasa. Ayaandike yote, na chini yake aandike jina la bibi yake kwa ukamilifu, na jina la kijiji, na tarehe. Alikwenda. Juma lililofuata alileta kurasa tatu, na safari hii wenzake hawakucheka. Walitaka kujua bibi alisema nini.

Walimu mnaotusikiliza, jaribuni kazi hiyo katika shule zenu. Nanyi wazazi, mtoto akija na daftari akiuliza jina la jani, msimfukuze kwamba anawapotezea wakati. Mwambieni mnachokijua, na aandike nani aliyemwambia.